Maharagwe ya Alkioni

Nianze kwa kujisema mwenyewe, maana wenzangu wote wamekufa na hawana wa kuwatetea. Naitwa Ardith Nygaard. Nina miaka themanini na moja, goti moja la chuma, na mpaka Jumamosi iliyopita nilikuwa mtunza ufunguo wa Dada wa Alkioni, chama cha wasichana wa chuo chetu hapa Iowa, Marekani, kilichokufa mwaka 1965 bila hata mtu wa kukililia.

Mngetuona enzi zile mngecheka. Tulikuwa wasichana kumi na tisa katika nyumba moja nyeupe yenye baraza, kila mmoja na beji ya alkioni, yule ndege wa buluu, kifuani, upande wa moyo, na ole wako uivae juu ya koti. Mgeni akija tunasimama kwenye ngazi kwa kimo na kumwimbia. Kiapo tulikula tumeshika mshumaa, na nta ikikudondokea mkononi huruhusiwi kusema "aa". Mambo ya kitoto, lakini nilikuwa nayapenda. Mpaka leo mkono ukiungua na sufuria, nanyamaza.

Msichana akiomba kuingia, tulipiga kura kwa maharagwe. Kila dada alipewa mawili, jeupe na jeusi. Unatumbukiza moja katika tundu la kisanduku, la pili unalitupa jikoni kwenye gunia, hata asijue mtu. Kisha mwenyekiti anaingiza mkono na kutoa moja moja. Yakitoka meupe yote, binti ni wetu. Likitoka jeusi moja, basi, imekwisha: mwenyekiti analirudisha ndani, anafunga kwa ufunguo, na kisanduku hakifunguliwi mpaka kura ya mwaka wa pili. Hakuna kuhesabu. Tuliambiwa hiyo ndiyo heshima yetu, kwamba aliyekataa asijulikane.

Aprili ya 1964 aliomba Verdell Tibbs.

Verdell nilikaa naye meza moja katika maabara ya kemia. Alikuwa ananisahihishia hesabu zangu na kunitania, "Wewe Ardith, ukipewa chumvi na maji utalipua chuo." Alikuwa Mweusi, mmoja wa watatu chuo kizima. Na mama yake, Bi Odessa, ndiye aliyekuwa akitupikia pale nyumba ya Alkioni. Keki yake ya limau! Tulikuwa tunapigania makombo.

Kabla ya kura tulikaa sebuleni tukamsifu Verdell mpaka nikaona haya. Huyu anasema ana akili, yule anasema ana sauti, mwingine anasema, jamani, huu ni mwaka 1964, tusiwe watu wa ajabu. Wote waliitikia. Nami niliitikia.

Halafu nikatia jeusi.

Sababu ni ndogo mno, naona aibu kuitaja, lakini nitaitaja. Kila mwezi Mei tulikuwa na Siku ya Mama. Akina mama huketi duara sebuleni, kila binti humbandika mamake utepe wa buluu na kumletea chai. Nilimfikiria Bi Odessa ameketi kwenye kiti cha mahameli, na mama yangu pembeni yake, mama yangu nilivyokuwa namjua, na uso atakaoukunja. Ni huo uso tu. Kwa ajili ya uso ambao sikuwa hata nimeuona, nilimfungia mlango shoga yangu.

Mwenyekiti wetu, Twila Brandt, aliingiza mkono. La kwanza tu kutoka, jeusi. Nilisema moyoni, Mungu huyu, kati ya kumi na tisa amelichagua langu kwanza, ili nijue kwamba ameniona.

Kesho yake wasichana walimkumbatia Verdell mmoja mmoja. "Si mimi, naapa." "Wala mimi, mpenzi." Nami nilimkumbatia, nikaapa. Mmoja tu hakuweza kumsogelea: Marlys Petrak, binti wa fundi viatu, mwenye haya. Alisimama kwenye ngazi analia kamasi na machozi, akashindwa kumtazama usoni. Verdell akamwona. Akahitimisha mwenyewe kuwa ni yeye.

Na mimi nikamwacha ahitimishe.

Mwaka uliofuata mwenyekiti nilikuwa mimi, na hakuna msichana aliyeomba kuingia. Walishachoka na mishumaa yetu. Chuo kikachukua nyumba, nami nikabaki na kisanduku na ufunguo. Sikukifungua. Nilikuwa najua kilichomo, ya nini kujitesa?

Tulikuwa tukikutana kila Mei kwa chakula cha mchana, tunakula saladi ya kuku na kuimba. Verdell alirudi mjini kufundisha hesabu, tukamwalika, akaja. Miaka hamsini na kitu alikuja, na keki ya limau ya mamake mkononi. Dada mmoja akifa, keki ya Verdell inafika kwa wafiwa kabla ya shada la maua. Lakini Marlys, Verdell hakumsalimia kamwe. Marlys akikaa mwisho huu wa meza, Verdell atakaa mwisho ule. Siku moja Marlys aliniuliza, "Ardith, nilimkosea nini huyu?" Nikamwambia, "Unamjua Verdell, mkali tu." Hayo ndiyo niliyomjibu.

Marlys alikufa Februari. Tulikuwa watu sita kanisani, na keki haikuletwa.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Watu wa maktaba ya chuo walikuwa wameomba vitu vya Alkioni wavihifadhi, na wangekuja Jumatatu. Nikampigia Verdell simu, njoo Jumamosi, kuna jambo. Nilitaka jambo moja tu kabla sijafa: Verdell ajue kwamba Marlys hakuwa na kosa.

Alikuja na mkongojo wake na keki, kama kawaida.

"Haya, sema," akasema, hata koti hajavua. "Sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyevunja chungu cha watu."

"Keti kwanza."

"Nimeketi. Sema, Ardith, wee!"

Nikaweka kisanduku mezani. Alikitambua. Nikamwambia, "Lile haragwe jeusi lilikuwa langu. Marlys ulimwonea bure. Lilikuwa langu, na nilijua unamdhania yeye, nikanyamaza."

Akauliza, "Kwa nini?" Nikamwambia habari ya utepe na kiti cha mahameli. Akacheka, kicheko kikavu.

"Mama asingekuja," akasema. "Siku ile ya Mei alikuwa na kazi. Alikuwa anaoka keki zenu."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Nataka kuliona."

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, tukahangaika nalo kwa mafuta ya kupikia. Lilipoachia, alikishika kisanduku kwa mikono miwili akakimimina kwenye sahani.

Ebo! Sahani ilikuwa nyeusi.

Verdell akavaa miwani. Akayatenga kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza. Meusi kumi na manne. Meupe matano.

Nilipumua. Mungu anisamehe, nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo: kumbe si mimi peke yangu! Miaka sitini najiona muuaji, kumbe tulikuwa jeshi zima. Nikainua uso nikamkuta Verdell ananitazama. Alikuwa ameiona pumzi yangu.

"Umefurahi," akasema.

"Hapana, Verdell, mimi..."

"Umefurahi. Wewe umepata wenzako. Na mimi je?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unajua kwa nini nilirudi mji huu? Nilijua aliyenikataa ni mmoja. Kumi na wanane walinitaka. Nilikuwa nikilala na hesabu hiyo, naamka nayo. Nimewaokea keki za matanga, nimewalilia kama ndugu zangu wa tumbo moja. Keki kumi na saba, Ardith! Nimemnyima mmoja tu."

Nikamsogezea sahani.

Akayachukua yale matano meupe, akayafunga katika kitambaa chake. "Hawa watano ni akina nani?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui. Na hakuna aliyebaki wa kuulizwa."

Akafikiri. "Marlys alilia kwenye ngazi."

"Alilia."

"Huenda naye alitia jeusi, akaona haya."

"Huenda."

"Au huenda ni yeye peke yake aliyesikitika kweli." Akasimama, akaifunika keki yake tena, ambayo hatukuwa tumeikata. "Amezikwa wapi?"

"Mlimani, nyuma ya kanisa lao."

"Nipeleke. Macho yangu hayafai barabarani."

Nikachukua funguo za gari na koti. Nikachukua na visahani viwili na kisu, mjinga mimi. Alivitazama vile visahani, akatwaa kimoja na kisu, kingine akakirudisha kabatini kwangu kwa mkono wake.

"Utaendesha," akasema, "lakini utabaki ndani ya gari."

Tulifika saa tisa alasiri, upepo mkali. Nilimwona akipanda na mkongojo wake, akisoma jiwe hili na lile, mpaka akalipata. Alikata keki, akaweka kipande juu ya kaburi, akala na chake amesimama, akizungumza. Alizungumza muda mrefu sana. Nilishusha kioo kidogo nisikie, lakini upepo ulikuwa unavuma upande wao, nikakipandisha tena na kungoja.