Namba Arobaini na Moja

Mimi ni mtu wa mdomo. Hapa Isipingo, karibu na stendi ya teksi, wateja hawaji saluni kwangu kwa sababu nasuka vizuri kuliko wengine, wanakuja kucheka. Ndiyo maana Khadeejah alinichagua. Yeye ni Mzanzibari wa Bluff, mzaliwa wa hapahapa Durban, na asipopata mafuta ya bangi mikono yake hukakamaa hata kijiko hakishikiki. Alikuwa anazunguka na karatasi za kudai kliniki za serikali ziruhusiwe kuwapa wagonjwa mafuta hayo. Akaniomba nimtafutie sahihi mia moja kwa Wakongo wenzangu kabla ya Jumamosi.

Bangi sikuificha. Nililitaja neno, wateja wakapiga kelele, wakacheka, wakaandika. Nilichoficha ni kingine.

Mama Immaculée alikuja Alhamisi. Anamlea mjukuu wake, Grâce, msichana wa miaka tisa mwenye kifafa. Nilimwambia mafuta haya yanawasaidia watoto wengine wa kifafa, akaandika jina lake taratibu, herufi kubwa kubwa.

"Mie niko namba ngapi?"

"Makumi ine na moja, mama."

"Ah! Si mbali."

Hapo nilipaswa kusema. Sisi wakimbizi tumeandikishwa majina maisha yetu yote: ya unga, ya blanketi, ya sabuni. Kwetu ukiandikwa kwenye liste, unangoja zamu yako upewe. Nilimwona uso umechangamka, na nikajua kabisa amefikiri nini. Lakini zilibaki sahihi hamsini na tisa, na wanawake watatu walikuwa wameshajipanga nyuma yake, wana haraka. Nikanyamaza. Mimi, mtu wa mdomo.

Jumamosi Khadeejah alihesabu, akanikumbatia. "Sharp, Yvette, sharp!" Nikacheka naye.

Ijumaa iliyofuata Mama Immaculée akaja na kichupa cha dawa ya kikohozi, amekiosha mpaka kinang'aa. "Bamefika ngapi?" Nikasema bado. Ijumaa ya pili, bado. Ya tatu alikuwa amechoka, amesimama mlangoni na kichupa chake, nami nikaona huruma ya kijinga.

"Bamefika makumi mbili na kitu, mama."

Aliinua mikono akamshukuru Mungu mbele ya wateja wangu wote.

Wiki mbili baadaye Grâce alianguka jikoni kifafa kilipompanda, na maji ya moto yakamuunguza mkono. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala, bandeji hadi kwenye kiwiko. Bibi yake alinieleza bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilikuwa namupatia nusu ya kidonge ya hospitali. Nilisema nyingine ibakie, ju mafuta iko karibu. Si ulisema bako makumi mbili na kitu?"

Nikapiga magoti pale sakafuni nikamwambia yote. Kwamba liste ile haigawi kitu. Kwamba ni maombi tu kwa serikali, yanaweza kuchukua miaka, yanaweza kukataliwa. Kwamba nilijua tangu siku ya kwanza.

Alikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Na ule wa makumi mbili na kitu," akauliza, "alikuwa nani? Mie nilimuombea."

Nikamwambia nitalifuta jina lake.

"Usifute. Sasa nimejua ile nilisinya, ile niliwekea jina. Kesho leta makaratasi. Kuandika watu, nitaandika mie."

Sasa Grâce anameza kidonge kizima, na bibi yake huja saluni kila Ijumaa. Kichupa ameacha kukibeba; huja na kalamu yake mwenyewe. Tumeanza kuwatafuta wale mia moja, mmoja mmoja, na baadhi yao walikuwa bado wanangoja zamu. Anayekuja kuandika, Mama Immaculée humshika mkono kwanza.

"Hii liste haigawe kitu. Ukisinya leo, leo hupate kitu. Labda mutoto ya mwingine atapata, siku moja."

Wengi huondoka. Anayebaki, Mama Immaculée hampi kalamu bado. Hunigeukia kwanza nithibitishe, mimi na kitana changu, saluni nzima inasikiliza.

"Njo vile, Yvette?"

Na kila mara lazima nijibu kwa sauti, "Njo vile, mama."