Ufunguo Uliobatizwa Bila Maji

Asubuhi ile Helka Rautiainen alitoka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, mwili ukifuka, akashuka hadi ziwani, kwenye tundu lililotobolewa katika barafu, kujitumbukiza, kama afanyavyo kila Jumapili. Kofia ya sufu kichwani, glavu za sufu mikononi, na ndani ya glavu moja ufunguo wa gari, maana nguo ya kuogelea haina mfuko. Alipoivua glavu hiyo ashike ngazi vizuri, akasikia chubwi! Ufunguo ukazama, nao ulikuwa wa pekee.

Saa sita mchana mjukuu wake alikuwa abatizwe kanisani, ng'ambo ya ziwa. Gauni la ubatizo, lililotariziwa majina ya watoto wote wa ukoo tangu enzi za bibi yake, lilikuwa kwa Helka. Siku hiyo hapakuwa na basi la abiria, na majirani walikuwa mjini. Akapanda nyumbani, akavaa, akampigia simu fundi wa funguo.

Fundi akaja na gari lake lililojaa mashine: mwanamke mfupi, jina lake Sirkku Vainionpää.

"Samaki wenu sasa wana gari, mama," akasema.

"Wawe nalo, bora wasije kulichukua!"

Sirkku akaufungua mlango wa gari bila kuacha hata mkwaruzo. Akachungulia tundu la ufunguo kwa kidude chembamba, akaenda garini mwake kukata meno ya ufunguo mpya, akarudi. Yakaingia kama yamezaliwa humo. Yakazunguka. Gari kimya.

"Mbona haliwaki?" Helka akauliza.

"Meno hayatoshi, mama. Ndani ya ufunguo mna kitu kidogo kama punje ya mchele. Gari linakiuliza swali kimyakimya. Kisipojua jibu, injini hailii."

Macho ya Helka yakang'aa. "Kumbe linatega kitendawili!"

"Tena kila ukiliwasha linatega kipya."

Sirkku akachomeka waya chini ya usukani, akabonyeza kompyuta yake. Vidole vyake vilitembea taratibu, kama vya mtu anayemsuka mtoto aliyelala. Helka alivitazama akasahau hata baridi.

"Sasa gari linamzoea mgeni. Mpaka taa hii nyekundu izimike, mlango usifunguliwe."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Lakini mtu anakufanyia kazi uani kwako kwenye theluji, naye hajapata kahawa? Helka hakujua hata miguu ilimpelekaje jikoni. Akarudi na chupa ya kahawa na mkate mtamu wa iliki, akafungua mlango wa gari. "Karibu, mwa..."

Kompyuta ikalia. Taa ikaanza kumetameta.

"Yesu wangu! Nimeharibu!"

Sirkku akaitazama kompyuta, akaitazama kahawa. "Tumerudi mwanzo tu. Ingia mama, ufunge mlango. Kahawa tutainywea humu humu."

Wakakaa wawili, vioo vikaingia ukungu. Helka hakuthubutu kuitazama saa. Ili asilie, akatega:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Leo wanabatizwa wawili, mmoja kwa maji, mmoja bila maji."

Sirkku akatafuna, akafikiri. "Mtoto na ufunguo! Ila ule ufunguo wa kwanza nao umebatizwa, tena kwa kuzamishwa."

Helka akacheka hadi kahawa ikamwagika gotini. Alipoinua kichwa, taa nyekundu haikuwepo.

"Jaribu," Sirkku akasema.

Helka akauzungusha ufunguo. Injini ikaitikia papo hapo. Akabonyeza kitufe cha ufunguo, milango ikajifunga ta! Akabonyeza tena, ikafunguka. Helka akaushika mkono ule wa fundi, mwekundu kwa baridi, akaubana kwa mikono yake miwili.

"Mkono huu, mwanangu! Mkono huu!"

Akakimbilia gauni, akalilaza kwenye kiti cha nyuma.

"Anaitwa nani huyo mtoto?" Sirkku akauliza, akikunja waya wake.

"Shii! Jina halitajwi mpaka maji yamguse."

"Haya. Na jibu la ufunguo wako sikutajii."

Helka akatia gia, akashika njia ya kanisani. Muda bado ulikuwepo.