Nishani Juu ya Jeneza la Ngāpera

Mara ya kwanza Rāwinia aliitoa ile nishani juu ya jeneza la mama yake kwa adabu. Mara ya pili alimsukumia baba yake mdogo, Paratene, kifuani.

"Tia mfukoni, baba mdogo. Mama hakuitaka hata chumbani kwake."

"Hii heshima ya ukoo," Paratene alisema, akiirudisha na kuunyoosha utepe wake. "Babu alipewa kwa ushujaa. Wewe umepewa nini, cheti cha ushonaji?"

Ushujaa wenyewe kila mtu aliujua. Katika vita vile vya zamani, babu huyo alipigana upande wa serikali ya wakoloni, akawa wa kwanza kuruka ukuta wa boma la Wamaori wenzake. Walioungua ndani ya boma walikuwa watu wa ukoo wa Ngāpera, mama yake Rāwinia. Ngāpera aliolewa katika ukoo wa babu huyo huku akijua, akazaa, akazeeka, ila nishani ikaishi banda la kuku kwenye kopo la misumari. Sasa amekufa, hawezi kubisha, na ndugu zake wako langoni, wakingoja kuitwa kama desturi.

Wakaitwa, wakaingia wakilia. Mama mkubwa Hūria, dada wa marehemu, alifika jenezani, akaiona nishani, kilio kikamkatika. Akageuka, akaenda kukaa mbali, mgongo wima.

Paratene, msemaji wa wenyeji, akasimama, koti likinuka dawa ya nondo. Akamsifu Ngāpera kidogo, kama mtu anayeonja chumvi, kisha akahamia kwa babu. Alivyoruka. Moto ulivyowaka.

Damu ilimchemka Rāwinia. Mfiwa hukaa kimya kando ya maiti wake, hilo alilijua. Ila alijua pia kwamba msemaji akiimbiwa, hotuba yake imekwisha, hata awe katikati ya neno.

Akasimama, akaanzisha wimbo aliofundishwa na mama yake, wimbo wa watu wa lile boma. Sauti ilitoka mbaya, hasira tupu. Wanawake wa jikoni wakatoka na aproni zao, wakaudaka.

"Sijamaliza," Paratene alilalamika.

"Umemaliza, mzee," mkewe akamwambia, mwiko mkononi. "Kaa."

Wimbo ukaisha, Rāwinia hakukaa. Akaurudia kutoka mwanzo, macho kwenye nishani, na wote wakamfuata, safari hii hata Hūria kule alikokaa. Wakaurudia tena, na tena, mpaka Paratene akaja akaichukua kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo Hūria akarudi kumlilia dada yake, kwa sauti yote. Rāwinia akakaa. Hajamsamehe mtu.