Samaki wa Dukani

Mume akienda kuvua kila Jumamosi, miaka mitatu, asirudi na hata dagaa mmoja, mke atafikiri nini? Lois alifikiri mwanamke. Tusimlaumu haraka. Wengine wetu tungekuwa tumeshapekua simu tangu mwezi wa kwanza.

Lois ni muuguzi ughaibuni, kule Maplewood, mtu wa vipimo. Haamini homa mpaka aione kwenye kipimajoto. Mumewe, Muriuki, alifanya kazi hotelini Bloomington. Jumamosi asubuhi aliondoka nyumbani kwao Saint Louis Park na ufito wake mwembamba na mshipi usiozidi uzi wa kushonea, akaelekea kwenye vijito vya nyanda za kusini, vijito ambavyo mtu angeviruka hata akiwa amevaa sketi. Jioni alirudi viatu vimelowa, mikono mitupu, uso umechangamka.

"Tuliwashika, tukawarudisha," alisema kila mara.

Lois alisonya. Nani amvue samaki halafu amrudishe? Dalili ya mvua ni mawingu.

Na samaki mwenyewe Lois hali. Kwao Meru, shosho wake, yaani nyanya yake, alimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, na harufu yake haikuruhusiwa jikoni. Lakini Jumamosi moja ya Mei alisimama mlangoni akamwambia Muriuki, "Leo leta hata mmoja. Nione tu. Usipoleta, utaniambia huwa unaenda wapi."

Akaleta. Trauti mmoja, mzima, ndani ya mfuko wa plastiki. Moyo wa Lois ulilainika, akamchemshia mumewe chai na kumkalisha karibu naye. Kisha akaenda kutoa takataka, na chini kabisa ya pipa akakuta trei nyeupe ya supamaketi, imekunjwa mara mbili, bei bado imebandikwa.

Hakupiga kelele; heri angepiga. Aliiweka ile trei juu ya mto wa Muriuki, akavaa sare ya kazi.

"Lois, wacha niku-explain," Muriuki alisema.

"Mwambie huyo bibi yako akufunze kuficha takataka."

Kwa siku kumi na saba waliongea habari za mtoto wao tu. Siku ya kumi na nane moyo wa Muriuki ulisimama akiwa kazini, akisukuma toroli la mashuka. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alisafirishwa akazikwa kwao, na Lois akalia mbele ya watu wote huku bado amemkasirikia.

Mwezi wa Agosti akaja Mwita, Mtanzania wa Musoma, rafiki aliyekuwa akienda kuvua na marehemu. Alileta ule ufito, ambao ulikuwa umebaki kwenye gari lake. Lois aliupokea, akautazama, kisha akatazama picha ya Muriuki iliyokuwa ukutani. Alikuwa ameshaamua: kama kulikuwa na mwanamke, ile picha angeishusha, na mtoto angeambiwa baadaye.

"Mwita, niambie ukweli. Mlikuwa mnaenda kwa mto kweli, ama ulikuwa unamfichia?"

"Shemeji, kata leseni ya kuvua," Mwita alisema. "Jumamosi nikupeleke, ukaone mwenyewe."

Waliendesha saa nzima. Nyasi zilifika kiunoni, na kijito kilipita katikati yake kimya kimya, maji hayafiki magotini. Karibu na daraja kulikuwa na kibao kilichopigiliwa nguzoni: kila trauti atakayevuliwa hapa arudishwe majini papo hapo, akiwa hai. Lois alikisoma mara mbili, kama anavyosoma maelekezo ya dawa.

"Samaki wote?" aliuliza.

"Trauti tu. Sangara wanaruhusiwa, wapo kule chini maji yanapotulia." Mwita alionyesha kiganja, kupima ukubwa wao. "Sangara wa kwetu Musoma hubebwa na watu wawili. Hawa mpaka nikaange sita ndiyo nishibe. Muriuki alinipa wake wote. Alisema kwenu samaki haingii jikoni."

"Na ile siku ya Mei?"

Mwita alikohoa. "Siku ile sangara hakuuma hata mmoja. Trauti alipata wawili. Nikamwambia, beba mmoja, nani atakuona huku? Akakataa, akasema huo ni wizi. Wakati wa kurudi akaniomba nisimame dukani." Aliinamisha kichwa. "Baadaye alinisihi nije nikueleze. Nikamwambia mambo ya mke na mume mimi siyaingilii. Nilikosea, shemeji."

Lois alichukua ufito. Ndoana ilikuwa ile ile aliyoifunga Muriuki, kijino chake kimebanwa kwa plaisi ili isimchane samaki. Mwita alimwelekeza namna ya kurusha. Mara mbili mshipi ulinasa kwenye nyasi. Mara ya tano ukavutwa.

"Lowesha mikono kwanza," Mwita alisema.

Alikuwa trauti mdogo, mwenye madoa mekundu ubavuni. Mikono ya muuguzi ilitoa ndoana mara moja, bila tone la damu. Samaki alitulia ndani ya viganja vyake, chini ya maji, akipumua, kisha akaondoka. Lois alibaki ameinama, mikono ingali majini. Alikuwa ameshika mikono ya wagonjwa wangapi mwaka ule? Ya mumewe hakuigusa siku kumi na saba.

"Nilimdhulumu, Mwita. Amekufa nikimwita mwongo."

"Pole, shemeji. Pole sana."

Alilia hapo hapo kijitoni, na safari hii hakuwa na hasira ya kumsaidia. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na huyu alikuja wakati babu ameshazikwa.

Alifika nyumbani jioni. Makena, binti yao wa miaka tisa, alifungua mlango. Alitazama viatu vya mama yake vilivyolowa, kisha mikono yake.

"Mum, samaki iko wapi?"

"Nilimshika," Lois alisema. "Nikamrudisha."

"Hata Daddy alikuwa anasema hivyo."