Kaka wa Pili

Sonara alikuwa na dada mmoja tu, mdogo wake wa kumfuata. Kila Raksha Bandhan, siku ambayo dada wa Kihindu humfunga kaka yake uzi mkononi na kaka huahidi kumlinda, dada huyo alikuja dukani na sahani ya peremende, akamfunga uzi mwekundu palepale kwenye meza ya kazi.

Mumewe alipofariki, wakwe walimtaka ahame. Akampigia simu kaka yake.

"Njoo unitoe hapa, kaka. Nasumbuliwa."

"Nina vito vya bibi harusi, mdogo wangu. Nikimaliza tu, nakuja."

Alipomaliza, ikaja harusi nyingine. Siku alipojikokota hadi kwa wakwe, wakamjibu mlangoni kwamba mwanamke yule alishaondoka.

Sikukuu iliyofuata dada hakutokea. Sonara akanuna. "Kama amesusa, na asuse."

Mwaka mzima ukapita hivyo, mpaka mkewe akachoka. "Aliyesusa ni wewe. Alihama, hata kumuuliza amefikia wapi hukumuuliza. Nenda leo, ni siku yenu."

Akaulizia, akaelekezwa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya karakana. Mlango ulikuwa wazi. Dada yake alikuwa amepiga magoti mbele ya mchomeleaji vyuma wa jirani, akimkazia fundo la uzi kwenye mkono uliojaa makovu ya cheche.

"Karibu, kaka," alisema, bila kisirani. "Huyu naye ni kaka yangu. Yeye na mkewe ndio walionihamisha. Walisukuma mkokoteni huku mvua inatupiga."

Mchomeleaji akainuka haraka kumpisha kiti.

"Kaa, ndugu yangu, kaa," sonara alisema.

"Sikukutarajia," dada alisema. Akatafuta uzi mwingine, akaukosa, akakata kipande kwenye kibunda cha nyuzi za kushonea. Akamfunga.

"Nisamehe, mdogo wangu. Niambie nikufanyie nini."

Dada akatazama chumba: rafu, kitasa kipya, nondo za dirishani. "Kwa sasa hakuna. Vyote vimeshafanywa. Kunywa chai, itapoa."

Alipoaga aliomba ruhusa ya kurudi.

"Njoo tu. Ila piga simu kwanza."

Tangu hapo huja, na hupiga simu kwanza. Hupokewa vizuri sana, kwa vikombe vya wageni, huku mchomeleaji akiingia bila hodi na kujimiminia chai mwenyewe.