Chupa ya Mashine ya Pili

Saa kumi na moja jioni mama alimpangusa mtoto miguu kwa kitambaa, akamkalisha kitandani, akafungua chupa ya vidonge vya kuongeza kinga. Vilikuwa vimebaki vinne. Mtoto, mwenye umri wa miaka minne, alimeza kimoja akakunja uso kama mtu mzima aliyetiliwa chai bila sukari.

Ndipo Homa alipopiga hodi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kandambili mkononi, maana hakupenda kuchafua sakafu ya mtu. Tangu mvua zianze alikuja kila Jumanne. Mama alimsogezea kigoda.

"Leo umewahi, bibi."

"Nina nyumba nyingi, mwanangu." Homa aliichukua chupa, akaisogeza mbali na macho ili asome. "Umevijaza wewe hivi?"

"Hapana! Mimi niko mashine ya kwanza. Hivi ni vya mashine ya pili."

Kiwandani kulikuwa na mashine mbili, katikati ukuta wa mbao. Kwa miaka mitatu mama alikuwa akijaza maganda ya vidonge unga wa muhogo na rangi kidogo ya machungwa. Hakuona haya sana, kwa sababu upande wake wote walijua kwamba dawa yenyewe, ile yenye vitamini, hujazwa mashine ya pili. Ndiyo maana walinunua chupa za upande wa pili tu, wakizitambua kwa alama ndogo kitakoni. Chupa moja iligharimu mayai ya mwezi mzima. Mtoto alikuwa amesahau ladha ya yai.

"Jana nilikuwa kwa yule mrefu wa mashine ya pili," Homa alisema. "Yule mwenye mapacha. Yeye hununua vyenu. Anasema dawa ya kweli iko kwenu."

Mama aliichukua tena chupa. "Kwani wao wanajaza nini?"

"Muhogo. Ila rangi yao ya kijani."

"Na mapacha hawajambo?"

"Mmoja hajambo."

Homa alikunja kanga yake vizuri, akapanda kitandani.

"Bibi, usimlalie kifuani, nakuomba."

"Nilale wapi, mwanangu? Nimepapasa kote humo ndani, sikukuta wa kuniambia sogea."

Asubuhi mama alimwacha mtoto kwa jirani, Homa akiwa bado amemlalia, akaenda kazini. Alipitia ofisi ya msimamizi kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto zahanati. Homa alikuwa humo pia, anakunywa chai, akimtajia msimamizi mitaa aliyoipita jana. Msimamizi aliiandika mmoja mmoja. Huko ndiko gari la mauzo lingeenda leo.

"Kumbe mnajuana," mama alisema.

"Mama, kila mtu na riziki yake," msimamizi alijibu bila kuinua kalamu. "Ruhusa hakuna. Wiki hii watu wanavitaka sana."

Wakati wa chai mama alizunguka ukuta wa mbao. Alikuwa ameyapanga maneno yake yote. Alimkuta yule mrefu dirishani kwa mtunza stoo, ananunua chupa. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo.

"Huyu aliyebaki sitaki mchezo naye, dada," alisema. "Za kwenu ndizo zenyewe, sivyo?"

Mama aligeuza chupa, akatazama kitako. Aliijaza mwenyewe, Jumatatu.

"Ndizo zenyewe," alisema.

"Na zetu zinamfaa mwanao?"

"Zinamfaa, kaka. Jana amelala vizuri."

Yule mrefu alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kengele ikalia, na kila mmoja akarudi upande wake wa ukuta. Mama alifunga kitambaa kichwani, akachota unga.