Supu ya Shangazi Viatu

Fundi cherehani, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa, aliyapata maneno kwa mfagiaji wa wodi, na tangu hapo hayakumtoka kichwani.

"Fundi, usinitaje. Mwanao ukimlisha wewe anakunja uso. Akija Shangazi Viatu, bakuli linabaki kama limelambwa na paka."

Shangazi Viatu alikuwa mchekeshaji wa wodi ya watoto: pua nyekundu ya sponji, viatu vikubwa kama makarai, na kazi yake ni kujitia mjinga. Fundi akajibanza mlangoni ajionee.

"Dada mkubwa, nakufa njaa. Kijiko kimoja tu," Shangazi Viatu akamwomba mtoto.

"Hupati ng'o!" Mtoto akanywa haraka haraka.

Shangazi Viatu akaitafuta supu chini ya kitanda, akaitafuta kiatuni. "Jamani, imekwenda wapi?"

"Tumboni!" Wodi nzima ikaangua kicheko.

Roho ilimuuma fundi. Mimi nizae, nipike, nikunjiwe uso, aliwaza. Yeye avae viatu achekewe!

Usiku huo akashona pua kwa vitambaa vyekundu. Asubuhi daktari akamwambia kwamba mtoto asipomaliza bakuli leo, atapitishiwa mpira wa kulishia puani. Hata hivyo, fundi alimsubiri Shangazi Viatu getini.

"Mtoto kalala. Daktari hataki asumbuliwe."

"Basi naanza wodi ya pili, mama."

Fundi akavaa pua yake na mabuti ya mumewe, akaingia akiyaburuta. "Dada mkubwa, nipe kijiko kimoja."

"Hupati!" Mtoto akakumbatia bakuli, macho yakimeremeta.

Hapo ndipo ilimpasa ashindwe. Akashindwa kushindwa.

"Unamjibu nani hivyo? Hebu kunywa, inapoa!"

Mtoto akainyofoa ile pua, akaitazama mishono. "Mama, wewe hudanganyiki kama Shangazi." Akafumba mdomo, akageukia ukutani.

Akabembelezwa, akatishwa, akaahidiwa nguo mpya. Wapi! Muuguzi alipokuja na mpira kwenye trei, fundi alitimua mbio na mabuti yake hadi wodi ya pili.

"Nilikudanganya. Hajalala. Njoo, nakuomba."

Shangazi Viatu hakumuuliza kitu. Alikuja, akajikwaa kizingitini makusudi, akaomba supu, akanyimwa. Bakuli likaisha. Mpira ukarudishwa kabatini.

"Kesho uje tena, Shangazi!" mtoto akaita.

Fundi alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda, pua mkononi. Alishukuru, wallahi alishukuru. Lakini ile "kesho uje" ilimchoma, akaondoka bila kuaga.

Mama mwenye mtoto mgonjwa, epuka haya:

Kusikiliza maneno ya wodini kabla hujaona.
Kumfungia mlango anayemlisha mwanao.
Kuvaa pua ya mchekeshaji na ukali wako chini yake.
Kumshinda mtoto anayetaka kukushinda.
Kuondoka bila kusema asante.